Kijitabu cha Kavata

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Thika, ofisini — kama hii ni ofisi. Meza moja, wasaidizi wa wahadhiri watatu, tunakaa kwa zamu. Zamu yangu ya asubuhi imeliwa yote na wanafunzi wa missing marks. Kila mwaka ni hivyo: orodha ya mahafali ikikaribia kufungwa, nje ya mlango panajaa watu ambao maksi zao hazionekani. Kazi yangu ni kuandika majina na kusema tutaangalia.

Wa mwisho alikuwa Kavata, mwaka wa nne. Huketi mbele, na maswali yake hunirudisha nyumbani kusoma upya. Maksi zote ziko isipokuwa Takwimu. Kuna kiwanda hapa mjini kimempa kazi, lakini wanataka kwanza jina lake kwenye orodha. "Madam, aki hii paper nilifanya. Si ni wewe ulinisainisha attendance?"

Nikamwambia asijali, naikumbuka karatasi yake, alipita vizuri. Alipita vizuri! Ulimi huu wangu! Akampigia mamake simu papo hapo, kwa Kikamba, akicheka.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekumbuka kila kitu. Heri nisingekumbuka.

Mtihani ule niliusahihisha mimi. Vijitabu vya majibu mia mbili na kumi na nne, wiki mbili, nyumbani Ruiru, kwenye meza ya dada Zubeida ya kukatia vitambaa. Sheria ya chuo inasema mtihani wa mwisho husahihishwa na mhadhiri peke yake. Sheria tunaijua sote. Dkt. Kagwe, mhadhiri wa Takwimu, pia anaijua, na ndiye aliyeniletea pakiti nzima ya kalamu nyekundu. Mimi nasahihisha, yeye anatia sahihi kwenye jalada, na hakuna anayesema kitu.

Sasa, Kavata alilifanya swali la tatu kwa njia yake, si ile ya Daktari, na jibu likatoka sawa. Sikujua nimpe au nimnyime. Nikaandika juu ya jalada, kwa wino mwekundu: "Daktari, nimpe za swali la 3? — Firdaus." Nikakitoa kijitabu kwenye furushi, nikampelekea. Alikuwa anatoka. Akasema kiache hapo, nikakiacha. Kwenye orodha ya maksi nikaruka mstari wa Kavata ili nijaze baadaye.

Sikujaza. Naye Daktari akatia sahihi orodha bila kuitazama. Hata bila swali la tatu msichana alikuwa na hamsini na nane, na kupita ni arobaini!

Alhamisi, 6 Novemba

Daktari hayuko. Jana pia hakuwako. Kavata ameniandikia mara nne. Namjibu "bado". Sina neno lingine.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwambia Zubeida. Kwake jambo ni jepesi: si uende kwa mkubwa wa Daktari useme wewe ndiye ulisahihisha? Nikamweleza polepole. Dkt. Kagwe ndiye anayesimamia tasnifu yangu. Mkataba wangu unaisha Desemba, na bila barua yake hauongezwi. Na nikisema nilisahihisha, nimejishtaki mwenyewe kwanza.

Akakata kitambaa hadi mwisho ndipo akasema, "Kwa hivyo wewe si mwalimu. Wewe ni wa kutumwa."

Nilikasirika, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 10 Novemba

Amepatikana! Na kijitabu kimepatikana — dakika mbili tu, kwenye rafu yake, chini ya rundo la tasnifu. Karibu nipige vigelegele. Halafu Daktari akasoma jalada. Akainuka, akafunga mlango.

"Hii ni nini umeandika hapa?"

"Nilikuwa nauliza, Daktari."

"Na ukaweka jina lako. Firdaus, hii nikipeleka kwa Prof. Njau, si nimejipeleka?"

Prof. Njau ni mwenyekiti wetu wa idara, na maksi iliyorukwa haiingizwi bila yeye kukiona kijitabu chenyewe. Agosti alituandikia barua: mhadhiri atakayesahihishiwa na msaidizi atafikishwa kwenye kamati ya nidhamu, na msaidizi wake pia. Nikamwomba Daktari akisahihishe upya, atie sahihi yake juu ya jina langu. Akasema kufuta jalada la mtihani hiyo ni kesi nyingine, mbaya zaidi. Na ni kweli! Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba ni kweli.

Hakufoka. Alinimiminia chai. Akasema Kavata apewe mtihani maalum mwezi wa nne, ahitimu mwaka ujao, na kwamba nimwambie mimi, maana mimi amenizoea. Kijitabu akakitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

Nikiwa mlangoni akasema sura yangu ya pili ni nzuri sana. Nami nikasema asante. Asante! Nimejichukia njia nzima hadi Ruiru.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia, nje ya maktaba. Nilikuwa nimepanga maneno; yakatoka yote kwa mpigo bila mpangilio. Hakulia. Akasema tu, "Lakini Madam, uliniambia nimepita."

Kiwanda hakiwezi kungoja hadi mwaka ujao. Mamake amekwisha kuwaambia watu wa kanisani, wamekodi basi dogo la kuja mahafali. Nikataja mwezi wa nne tena, kwa upole wa kijinga, kama Daktari na chai yake.

Akauliza karatasi iko wapi. Nikasema Daktari anaitafuta. Huo ni uongo, na ni wangu, hakuna aliyenituma.

Ijumaa ataenda mwenyewe kwa Prof. Njau. Anataka niende naye. "Wewe sema tu ukweli, Madam. Hiyo tu." Nikakubali. Alikuwa ananitazama, ningefanyaje?

Ijumaa, 14 Novemba

Benchi nje ya ofisi ya mwenyekiti. Saa nne na nusu. Orodha inafungwa saa kumi na moja jioni. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Kavata alifika kabla yangu, blauzi imepigwa pasi, barua ya kiwanda mkononi. Amenishika mkono, akasema asante kwa kuja. Sikujua niuweke wapi mkono wangu baadaye.

Ngendo, karani wa mwenyekiti, amemwita yeye peke yake. Mlango haukufungwa sawasawa, nasikia karibu kila neno. Prof. Njau si mkali kama wanavyosema. Amesikiliza yote. Kisha akauliza, taratibu, ni nani hasa aliyesahihisha karatasi hiyo, na huyo mtu yuko wapi.

Kavata: "Madam Firdaus aliiona, Prof. Amekuja. Ako hapo nje."

Ngendo akainua kichwa kutoka kwa kompyuta. "Kwani nawe uko kwa hii maneno?"

Nikasema hapana, nimemsindikiza tu.

Nimesema kwa sauti. Ndani wamenisikia.