Unamwogopa Nani

Kasongo, 9 Mei 2024

Kwa mdogo wangu Clovis,

Salamu kutoka Kasongo. Sisi huku tu wazima, watoto wanasoma, na mume wangu Christophe amepona malaria yake. Natumaini nawe hapo Salamabila ni mzima, maana hata hilo siku hizi tunalijua kwa kuuliza watu. Simu zangu unazikata, ujumbe wangu unausoma na kunyamaza. Nimeona afadhali nimpe karatasi Moustapha wa pikipiki, yeye hakatwi.

Mimi dada yako mkubwa sikuandikii kukubembeleza. Nakuandikia kwa sababu ya mama. Bulaimu, jirani yetu wa Wamaza, amekata ngazi, yaani mikungu ya matunda, za michikichi yetu yote iliyo ng'ambo ya kijito, na mama alipomfuata akajibiwa kwamba mpaka ni kijito. Unajua kijito kilihama mwaka ule wa mvua kubwa. Unajua pia kwamba baba na baba yake Bulaimu walikubaliana mpaka uwe kile kichuguu, maji yaende yanakotaka. Waliokuwepo siku hiyo wamekufa wote, umebaki wewe uliyewabebea panga. Mimi nilikuwa shuleni kwa masista na siwezi kushuhudia nilichosimuliwa. Bila michikichi ile mama hana mawese ya kuuza, na asipouza mawese hali.

Chifu Musafiri ameita baraza mwezi wa saba. Desturi yake unaifahamu. Shahidi anashika kitabu, Mkristo Biblia, Mwislamu Korani, kisha chifu anamwuliza, "Unamwogopa nani?" Utajibu, "Mungu," halafu utasema ulichokiona. Ni kazi fupi.

Nimesikia unayoyasema huko machimboni. Yaache hukohuko.

Yaya wako,
Emilienne


Salamabila, 21 Mei 2024

Yaya Emilienne,

Barua imefika na afya ipo, asante kwa kuuliza. Maji hayaishi kwenye mashimo ya dhahabu, na mimi ndiye ninayetengeneza mashine za kuyatoa, kwa hiyo chakula nacho kipo. Mpe pole Christophe.

Nitakuja Wamaza. Kichuguu nakikumbuka, na maneno ya wazee wale nayakumbuka, nitayasema yote. Lakini Biblia sitaishika, na swali la chifu sitalijibu unavyotaka. Simwamini Mungu, yaya. Umelisikia kwa watu, sasa lisikie kwangu.

Najua utauliza ni kitu gani kilinipata. Hapa kila mtu anangoja nimsimulie shimo lililoporomoka na marafiki waliobaki chini, ili anionee huruma kisha aniombee. Hakuna shimo. Siku moja nilikuwa nafungua mashine, nikagundua ni muda mrefu sijasali na hakuna kilichopungua. Hadithi imeishia hapo.

Na usije ukaniambia nimeingia dini nyingine. Sijaingia popote. Mtu asiyefuga mbuzi hana mbuzi, basi. Humwiti mfugaji wa mbuzi wasiokuwepo. Mimi sina imani yangu ya kupinga yako, sina tu. Ukilielewa hilo tutaongea vizuri, na usipolielewa tutaongea hivihivi.

Mdogo wako,
Clovis


Kasongo, 2 Juni 2024

Clovis,

Salamu zako nimezipokea, zangu utazipata tukiwa na amani.

Mbuzi wako nimewaelewa. Sasa nisikilize na mimi ninayefundisha watoto wa darasa la pili, nimezoea watu wabishi. Mtu asiyefuga mbuzi, mama yake akimwambia, "Nishikie kamba hii," anaishika. Hatetemeki. Hasemi kamba itamchafua. Kwake ni kamba tu. Wewe unasema Biblia kwako ni karatasi na gundi. Basi shika karatasi na gundi, mama ale. Ukishindwa, ujue kuna kitu ndani yako kinachokukataza, na kitu kinachomkataza mtu kumsaidia mama yake, sisi tunakiita dini. Yako ina miiko kuliko hata yangu. Mimi nikiwa mgonjwa naruhusiwa kula siku ya mfungo.

Unasema huna kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, Clovis, na wewe unavuma mpaka Kasongo tunakusikia. Waislamu ni majirani zetu tangu mababu, tunazikana na kuoana, na sijawahi kumsikia mmoja akisema hamwogopi yeyote. Umewazidi wote kiburi. Ungekuwa kweli huna, ungenyamaza kama wanaonyamaza.

Mama hajui habari hii. Anajua tu kwamba mwanawe anakuja, ameshaanza kukausha samaki. Ukimwaibisha mbele ya baraza, mimi na wewe tumemalizana.

Emilienne


Salamabila, 17 Juni 2024

Yaya,

Mimi mzima. Nanyi muwe wazima.

Kamba yako imenikera siku zote hizi, kwa hiyo nakupongeza. Lakini umesahau jambo. Ukimwona mtu ameshika kamba unatazama mwisho wake, unamtafuta mbuzi. Nikisimama pale na kitabu mkononi, watu wote watatazama mwisho wa kamba, nami nitakuwa nimewaambia kwamba mbuzi yupo. Huo ni uongo, hata kama kamba ni kamba. Nakataa uongo, sikatai karatasi. Na kukataa uongo hukuhitaji padre kukufundisha, ulinichapa kwa ajili yake kabla sijabatizwa.

Haya, umeshinda. Hukushinda kwa hoja, umenishinda kwa samaki wa mama. Nitashika kitabu. Nitatamka hilo neno moja, halafu nitasema kweli yangu kuhusu kichuguu. Lakini baada ya hapo usiniandikie tena juu ya Mungu, wala juu ya kutokuwa naye. Umenilazimisha kusema uongo ili niaminiwe nikisema kweli, na wewe ndiye uliye na dini.

Clovis


Wamaza, 15 Julai 2024

Kwa Emilienne,

Sijui kama tunasalimiana. Mama ni mzima wa mwili.

Hukuweza kuja, ulisema mitihani, kwa hiyo nakueleza mimi kabla wengine hawajakueleza. Michikichi imekwenda.

Baraza lilijaa. Mama alikaa mkekani mbele, amevaa kile kitenge ulichomletea Krismasi. Chifu akaniita, nikasimama, katekista akanipa Biblia, nikaishika kwa mkono wa kuume kama tulivyopatana. Neno lenyewe nilikuwa nimelijaribu njiani kote juu ya pikipiki. Chifu hajaniuliza bado, Bulaimu akasimama.

Akasema, "Chefu, samahani. Mutu huyu hana Mungu. Anashika kitabu sawa anashika kuni. Na mimi nikishika Korani nitakuwa nimeshika kabisa. Hatulingani."

Watu wakacheka wakidhani anatukana tu. Chifu akamwuliza amesikia wapi. Akajibu, "Kwa bibi yangu Marie-Thérèse, mama ya watoto wangu. Anasali hapa kanisani. Wamemuombea siku ya mungu mbele ya watu wote."

Unajua tayari, yaya. Ulimwandikia katekista wa Wamaza aweke nia ya sala, naye akaisoma kwa sauti yake ya kawaida, ile inayofika barabarani: tumwombee Clovis wa mama Régina, aliyemkana Mungu huko Salamabila. Jumapili hiyo mama alikuwa amelala na homa, ndiyo maana hakusikia. Wengine wote walisikia. Ulinitaka nifiche, na huku umenitangaza.

Chifu akanigeukia. "Iko kweli? Unaamini ao huamini?"

Nilikuwa nimejiandaa kutamka neno moja la desturi, kama mtu anavyosema amina mezani kwa wengine. Hili lilikuwa swali jingine. Lilinihusu mimi, na kitabu kilikuwa mkononi, na kila mtu alikuwa ananitazama mdomo. Nikasema, "Ni kweli, siamini. Lakini kichuguu nilikiona, na wazee niliwasikia."

Chifu Musafiri si mtu mbaya. Alifikiri sana. Akasema, "Maneno ya mutu tunayafunga kwa kitu anaogopa. Yako tutayafunga kwa nini?" Nikamwambia naogopa kusema uongo. Akasema kila mwongo husema hivyo. Akaniambia nikae.

Bulaimu akashika Korani akaapa kwamba mpaka ni kijito. Nataka ujue hili: hakudanganya. Siku ya kichuguu alikuwa mgongoni mwa mama yake, na baba yake alipokuwa anakufa alimwambia mpaka ni kijito, sijui kwa kusahau au kwa kusudi. Bulaimu anaamini kabisa. Mimi sikuamini kitu, nilijua tu. Wakampa anayeamini.

Sirudi Salamabila kwanza. Mama hawezi kuachwa.

Clovis


Kasongo, 27 Julai 2024

Clovis,

Nimesoma barua yako mbele ya Christophe, akatoka nje asinione nikilia. Nililia kwa hasira, usijidanganye.

Ndiyo, niliomba uombewe. Dada asiyemwombea mdogo wake aliyepotea ni dada gani? Nilimwandikia katekista ili Mungu akuguse kabla hujafika pale. Sikumtuma Bulaimu kanisani. Ukitaka nibebe lawama ya sala nitaibeba, na siku ya hukumu nitaulizwa. Wewe utaulizwa na nani?

Ulikuwa na neno moja. "Naamini." Watoto wangu wa darasa la pili wanalisema kila asubuhi huku wakifinyana. Umeudanganya ulimwengu mara ngapi, Clovis? Uliponiambia unakata simu kwa sababu mtandao ni mbaya, je? Ulipomwambia mama unakula vizuri? Siku moja tu mama yako alihitaji uongo wako, siku hiyo ukawa mtakatifu.

Basi tusibishane tena juu ya mbuzi. Uliniandikia huna imani, huna tu, kwangu hiyo ni nafasi tupu. Nafasi tupu haitolewi sadaka. Wewe umesimama mbele ya watu ukaitolea michikichi ya mama na aibu ya mama. Hata baba aliyetufundisha katekisimu hakuwahi kumtolea Mungu wake kiasi hicho. Nimeishi na waumini maisha yangu yote, na mwenye imani kali kuliko wote ni wewe, tena imani isiyo na huruma, isiyo na maungamo, isiyo na Jumapili ya kupumzika.

Mlete mama kwangu Kasongo. Wewe usije.

Emilienne


Wamaza, 30 Septemba 2024

Yaya,

Mama amekataa kuja huko. Anasema haachi kaburi la baba kwa watu wa kijito. Kwa hiyo tupo. Mvua imeanza, nimelima kipande cha juu, nimepanda muhogo na karanga. Mgongo unauma.

Barua yako niliiweka muda mrefu bila kuijibu kwa sababu mahali fulani ilikuwa na haki, na sikutaka uone. Sijui nilichokuwa nacho mkononi siku ile. Nasema hadi leo kwamba sikuwa natetea imani yoyote. Lakini mtu akiniuliza kwa nini sikuliachia neno lile, sina jibu fupi, na nilikuwa nadhani mtu asiye na kitu huwa na jibu fupi. Usifurahi sana. Kutojua si kuongoka.

Nakuandikia kwa sababu ya mama. Michikichi hajaitaja hata mara moja. Bulaimu akipita na ngazi zake begani mama humwitikia salamu. Mimi ananipikia, ananifulia, anaongea nami juu ya mvua. Kumbe kilichokuwa kinamkaa rohoni ni kitu kingine. Juzi tulikuwa tunamenya muhogo uani, akaniuliza bila kuniangalia, "Kama Mungu hayuko, sasa baba yako iko wapi?"

Nilikuwa na jibu, yaya. Nimelisema mara nyingi huko Salamabila kwa watu wazima wenye ndevu, wakaniita mlevi. Nilimtazama mikono. Nikamwambia, "Yuko mbinguni, mama. Anakungoja."

Akaendelea kumenya. Alimaliza muhogo aliokuwa ameushika, akautupa kwenye beseni, ndipo akasema, "Kumbe uongo unaujua. Ungeusema kwa chefu."

Nikachukua madumu nikaenda kuteka maji.

Mdogo wako,
Clovis