Mlango wa Holi ya Kaloleni

Kaloleni,
Nairobi.
14 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Triza,

Mulama akikupa barua hii, natumaini utakuwa umekula. Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi ya mashine huko Doha? Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Goti langu tu ndilo hunisumbua mvua ikikaribia.

Uliniomba nikueleze mambo ya holi yetu, umwambie Sylvance kabla hamjachagua pahali pa harusi. Mimi sikusoma sana, nitaandika vile wazee husema. Ilijengwa vita vya Hitla vikiisha, na mawe, wanasema, yalichongwa na Waitaliano waliokuwa wamefungwa. Kuta ni nene, joto la mchana haliingii. Mbele kuna matao, juu vigae vyekundu. Wakati wa mkoloni watu wetu walikutana humo kuzungumza siasa, mpaka wakaiita bunge.

Sasa rangi imebambuka, na jukwaa linalia ukilikanyaga. Hilo sikufichi.

Jumanne mama yake Sylvance alinipeleka kuona ile hoteli wanayoitaka wao. Ni safi sana. Yeye alitangulia, mimi nikabaki nyuma kwa sababu ya goti. Askari akanisimamisha: "Mathe, mboga ni mlango wa nyuma."

Nikamwambia, "Mboga gani? Mimi ndiye mama ya bibi harusi."

Akacheka. "Basi siku hiyo kuja na kadi."

Nilipomfikia Mama Sylvance ndani nikamweleza, akasema ni kweli, asiye na kadi ya mwaliko haingii.

Sikubishana. Lakini nilimfikiria jirani yetu Mama Elsie. Mimi nikiwa zamu ya kiwandani, ni yeye alikubeba mgongoni hadi zahanati ulipokosa pumzi. Holini hakuna kadi. Mtu akisikia vigelegele anafunga leso, anakuja. Mama Elsie ameshaanza kuniuliza tutakanda chapati za harusi lini, namwambia angoje kidogo.

Mzee Matheka mwenye funguo za holi ametuwekea tarehe, anangoja jibu mpaka Jumapili ijayo. Amueni, halafu unipigie simu. Mkichagua hoteli nitakuja na kadi yangu, wala sitanuna. Ila ujue, mlango wa holi tunapita wanne tumeshikana mikono. Ule wa hoteli nilipita peke yangu.

Babako anakusalimu, na wadogo zako Mourine na Mukhwana. Mama Elsie anasema usilale na njaa. Mungu akufunike kwa mkono wake huko uliko.

Ni mimi nikupendaye, ninayengoja simu,
Mama