Simu Ilimwambia Mama Tunakuja

Shosti uko? Niko kwenye korido ya hospitali.

Mama kaanguka bafuni asubuhi, kavunjika nyonga. Yuko hai, usishtuke.

Unaikumbuka ile programu ya simu aliyoitengeneza kaka, ya wazee kubonyeza wakipatwa na shida? Mama alibonyeza. Simu ikamjibu, "Ujumbe umefika, wanakuja." UMEFIKA! Kwa nani? Mimi sikupata kitu, kaka hakupata kitu.

Kaka kakaa sakafuni na kompyuta mapajani, ndipo akaona. Programu yake ikiingia kwenye simu yoyote inajitafutia yenyewe huduma ya kutuma ujumbe. Kwenye simu zetu inaikuta ya kweli. Simu ya mama ni ya aina nyingine, haikuikuta, ikachukua ile ya majaribio aliyoisahau humo. Hiyo haitumi chochote. Inajibu tu "umefika".

"Niliiandika mimi hiyo sentensi," anasema. Anairudia tu. "Niliiandika mimi."

Jirani ndiye aliyemkuta. Mchana, shosti, mchana!

Sasa mama kamshika kaka mkono: "Sikuogopa, mwanangu. Simu iliniambia mnakuja, nikatulia. Hata sikupiga kelele."

Hata hakupiga kelele. Na jirani alikuwepo nyumbani kwake muda wote, ukuta kwa ukuta.

Halafu mama akamwambia, "Mwekee na mama yako mkubwa hiyo programu kwenye simu yake, naye anaishi peke yake."

Kaka kaitikia, "Sawa, mama."

Nikatoka wodini, nikaja hapa koridoni kukuandikia.