Jaji Aliyeuliza Mtoto Analala Wapi

Dada mshauri, pokea salamu zangu na unisaidie, naandika kwa mkono mmoja maana mwingine umembeba mwanangu, nikimlaza tu anaamka. Mume wangu alifariki kabla mtoto hajaanza kutambaa, na tangu hapo shemeji yangu anadai nyumba ninayokaa si nyumba, ni stoo ya karakana ya samani waliyokuwa nayo yeye na marehemu, mahakama ya kwanza ikamwamini, nikakata rufaa, na wakili wangu ni mjomba, mdogo wake mama, ananitetea bure.

Siku ya kusikilizwa walikaa majaji watatu. Panka zinazunguka polepole, mwanga wa dirishani unaelea juu ya viti, mimi sijalala vizuri tangu nijifungue, na sauti ya mjomba inanifikia kama ya mtu anayeongea chumba cha pili, mkataba wa ubia, kifungu hiki, kifungu kile, nikawa nipo na sipo. Ndipo jaji mwanamke aliyekaa kushoto akamkatiza.

"Wakili, samahani. Mtoto analala chumba gani?"

"Mheshimiwa Jaji, nitafika huko."

"Mimi nimeshafika huko. Nakusubiri wewe."

Watu wakacheka kidogo, mjomba akapoteza mstari, akarudi kwenye mkataba wake. Jaji akauliza tena, ufunguo anao nani, mbao zinaingizwa kwa mlango upi, mjomba jasho linamtoka, na wale majaji wawili kimya kama picha za ukutani, mpaka muda ukaisha tukaambiwa turudi mwezi ujao mjomba amalizie.

Kwenye korido mjomba alinigeukia. "Kazi ya jaji ni kusikiliza! Akiwa na maswali akamuulize mumewe. Huyu ameshaegemea kwa shemeji yako." Sasa ameandaa maombi jaji ajitoe, na anataka niape kwamba maswali yale yalinitia hofu na niliona upendeleo. Mama naye anasema, "Tia sahihi, mwanangu, usimwaibishe ndugu yangu."

Lakini dada, mimi sikuogopa. Tangu msiba watu wameniuliza hati iko wapi, shahidi yuko wapi, hakuna aliyeuliza mtoto analala wapi, hata mama. Siku hizi nikiwa nafua namwona jaji yule anapita nyumbani kwangu na joho lake, kavua viatu asimwamshe mtoto, anafungua mlango mmoja mmoja taratibu, nami namfuata na ndoo ya nguo, nikishtuka maji yamefurika sakafuni. Naogopa kuapa, naogopa kumvunja moyo mjomba, na nyumba hii ikienda sina pa kumpeleka mtoto. Hivi jaji anaruhusiwa kuuliza namna ile? Nitie sahihi?

Mama Mwenye Usingizi

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mdogo wangu, ya msiba na ya usingizi.

Usitie sahihi. Nimeanza na hilo usije ukasinzia kabla hujafika mwisho. Unatakiwa uape kwamba uliogopa, na hukuogopa. Huo ni uongo, tena mbele ya mahakama, na ukibanwa mjomba hataulizwa, utaulizwa wewe.

Mjomba namwelewa. Mtu kaandaa maneno yake vizuri, halafu anakatizwa na watu wanacheka; inauma. Na wapo majaji wanaouliza ili waonekane wanajua, wakili hajafungua mdomo swali lingine limeshafika. Angekuwa wa namna hiyo, ningesema mjomba alalamike. Lakini huyu aliuliza, akanyamaza, akasubiri. Upendeleo uko wapi? Ana shaka, na shaka yake kaiweka mezani mbele yenu muiondoe. Wale wawili waliokaa kimya ndio wangeninyima mimi usingizi. Nao wana maswali yao, watayabeba hadi chumba cha kuandikia hukumu, na huko mjomba haingii kuyajibu.

Halafu hebu yasikilize yenyewe. Shemeji anasema ni stoo. Jaji anauliza nani analala humo, ufunguo anao nani, mbao zinapita wapi. Jamani! Si ndiyo kesi yenyewe hiyo? Mjomba kasimama nje anasoma mkataba, jaji anamwambia tuingie ndani, yeye anagoma.

Mwachie mama mtoto, umfuate mjomba ofisini kwake, peke yenu. Mwambie, "Mjomba, nakushukuru kwa yote. Kiapo hiki sikitii sahihi kwa sababu si kweli. Ila nataka turudi na majibu." Atafoka. Mwache afoke amalize. Kisha mlete nyumbani, mtembeze chumba kwa chumba kama unavyomtembeza jaji kwenye ndoto zako za kufulia. Avue viatu na yeye. Akikataa kabisa, nenda masijala ya mahakama ukaulizie msaada wa kisheria kabla siku haijafika, bila kumtukana mtu. Na mama mwambie aibu ya ndugu yake itapoa, lakini nyumba ikiondoka haitarudi.

La mwisho. Kazi yangu inafanana na ya wale majaji wawili: barua inakuja, siwezi kuikatiza, nasoma halafu najibu. Yako nimeisoma nikairudia, natafuta jambo moja, sijaliona. Panka umenieleza, korido umenieleza, jasho la mjomba na ndoo ya nguo umenieleza.

Mdogo wangu, mtoto analala chumba gani?