Mdomo Wangu na Upepo wa Ziwa la Chumvi

Jumamosi. Upepo tangu alfajiri, upepo wa moto, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Kiangazi kimeisha lakini hakitaki kuondoka, kama mgeni aliyeonja pombe ya mwenyeji. Mchana mawingu yanakuja yanatutazama, jioni yanarudi kwao.

Daftari, leo nakujaza. Mwalimu wa kisomo alisema tuandike kidogo kila siku, nami nilikuwa naandika leo nimelima, leo nimepika, basi. Mambo yenyewe nilikuwa nayasema kisimani kwa mdomo wangu, bila kalamu. Sasa mdomo umefungwa. Umefungwa na mama mkwe.

Mume wangu Masunga amekwenda ziwa la chumvi, kule mbali linakotokea jua, kuvua samaki. Amekwenda na jirani yetu Ngasa, na punda wetu wawili. Na katika ukoo huu nilioolewa, mwanaume akiwa ziwa la chumvi, mke wake haruhusiwi kumsema mtu. Kusengenya mwiko, kugombana mwiko, kupaza sauti mwiko. Eti ukimsema mtu huku, upepo unaamka kule, maji yanachafuka, matope yanameza watu. Mama mkwe anakaa mlangoni na kiko chake, ananisikiliza kama redio.

Ziwa kubwa namna ile, halina kazi nyingine ila kunisikiliza mimi, Mama Shija, namsema nani!

Nimenyamaza hivyo hivyo. Lakini walioweka mwiko hawakujua kusoma, wakasahau kukataza kuandika. Mama mkwe naye hajui. Akiniona nimeinama hapa anadhani nafanya hesabu.

Basi nianze na huyo Ngasa.

Zamani mji wake ulikuwa ng'ambo ya mto, nikimwona gulioni tu, inatosha. Tulipohamishiwa kijijini tukapangwa kwa mstari kama matuta ya viazi, nikampata ukutani kwangu. Sikatai, kijiji kina raha yake. Zamani kujua nani kapigana na mkewe ulitembea nusu siku, sasa unajilalia kitandani kwako unasikia kila kitu. Lakini kupangwa na Ngasa ni adhabu. Mtu wa kujua yote. Unamwamkia mwangaluka ya asubuhi, anakujibu habari za mawingu. Kuku wako akiumwa, anajua. Paa lake mwenyewe linavuja, hilo halijui.

Ndiye aliyemtia mume wangu wazimu wa samaki. Alikuja jioni, akala ugali wangu, akachukua kijiti akachora ziwa zima kwenye uwanja nilioufagia. Nilikuwa nyuma yao naosha vyombo, nimesikia kila neno.

"Masunga, mwisho wa kiangazi ndiyo wakati wake. Maji yamekimbilia katikati, huku pembeni yako magotini. Chumvi imekuwa kali, samaki hawaiwezi, wanajazana wote hapa, chemchemi ya maji baridi inapoingilia. Asubuhi upepo umelala, unawachota kama maharage. Mchana ukiamka unasukuma maji kwenda ng'ambo, na samaki nao kwaheri, wewe unalala. Ardhi ikiwa nyeupe kanyaga, imekauka. Ikiwa nyeusi usitie mguu."

Na Masunga mdomo wazi! Mwanaume mwenye ng'ombe, mwenye shamba la pamba linalosubiri mvua. Sisi kwetu samaki hakuwa chakula cha kukimbilia. Marehemu baba akiletewa kambare aliuliza, huyu nyoka kachinjwa na nani? Na kambare wa kule nimewahi kumla. Ananuka tope, ladha ya majivu, nyama yake unaitafuna nayo inakutafuna. Sifa anayo moja tu, hahitaji kutiwa chumvi.

Katibu wa kijiji akakubali upesi, maana duka letu la kijiji halina chumvi mpaka tumesahau rangi yake. Akasema hiyo ni kazi ya ujamaa, samaki watakaoletwa ni wa wote. Samaki wa wote, matope ya wawili. Yeye mbona hakwenda? Angechafua viatu.

Haya, nimemsema. Kwa kalamu.

Sasa ya leo.

Asubuhi Kabula, mke wa Ngasa, alikuja kuomba moto. Naye yuko kwenye mwiko, maana Ngasa ni wa ukoo huu huu. Nikajua kuna neno, kwa sababu alichukua kaa la moto akaliacha lizime juu ya kigae, hajaondoka. Nikamvuta jikoni. Akaninong'oneza kwamba amepita muuza chumvi pale Sapiwi, ametokea kule ziwani. Anasema upepo mkubwa ulipiga, punda akazama matopeni, na mwanaume mmoja akaingia kumfuata.

"Mwanaume gani?"

"Hakumjua. Alimwona kwa mbali, anasema ule weupe unamfanya mtu aonekane kama kunguru."

Mwanaume mmoja.

Kule wamekwenda wawili, wake na wangu.

Tukatazamana. Halafu shetani akapita katikati yetu.

"Ni wewe," Kabula akasema, bado kwa kunong'ona. "Juzi kisimani ulimsema katibu."

"Sikumsema. Niliviangalia viatu vyake."

"Uliviangalia kwa sauti!"

"Na wewe uliyemwita mke wa balozi debe bovu?"

"Nilimwita taratibu!"

"Mume wako ndiye kampeleka wangu!"

"Wako hana miguu? Alibebwa?"

Daftari, hujawahi kuona ugomvi wa namna ile. Nimemshika kanga, kanishika kilemba, tunatukanana kwa pumzi tu kama paka wawili ghalani, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kupaza sauti. Nilimtukana matusi mazuri kabisa, na hakuna jirani aliyeyasikia. Hasara tupu.

Mama mkwe akatokea mlangoni. Nadhani alikuwa amesikia tangu mwanzo.

"Nyamazeni! Mtaniulia mtoto!"

Alipiga kelele mpaka kuku wakaruka, watu wa nyumba ya nne wakatoka nje. Halafu akajiziba mdomo kwa mikono yake yote miwili, akabaki hivyo, anatutazama. Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumwona anaogopa kitu. Nyoka anamwua kwa mwiko wa ugali.

Hapo ndipo nilipoogopa na mimi. Mpaka wakati ule nilikuwa nacheza.

Tukakaa watatu ukutani, kivulini. Hakuna aliyepika. Upepo unavuma, vumbi linapita, kila mtu anauangalia kama unajua jina. Nitaandika hapa jambo ambalo sitalisema mahali popote. Nilimwomba Mungu aliyezama awe Ngasa. Mke wake amekaa karibu yangu, bega kwa bega, na mimi moyoni naomba, wa kwake, si wa kwangu. Nilipogeuka nikakuta ananitazama. Naye alikuwa anaomba hivyo hivyo, nilimwona machoni. Tukaangalia chini.

Hatukugombana tena. Mtu unayemwombea mumewe afe, na yeye anamwombea wako, mnagombania nini zaidi?

Jua lilipoanza kushuka upande wa Nkololo, mbwa wakabweka. Punda mmoja. Kisha mtu. Kisha mtu wa pili.

Wawili!

Weupe wote kwa chumvi kama watu waliotoka mashineni kusaga. Masunga hana shati, mkono ameuweka begani kwa Ngasa, anatembea kama mzee. Mama mkwe alikimbia. Sikujua kama bado anaweza kukimbia. Kabula alikaa pale pale chini akacheka, akacheka mpaka akalia.

Mambo yalikuwa hivi, kama alivyosema Masunga mwenyewe akiwa anamwagiwa maji. Siku za kwanza samaki waliwapata, tena wengi, pale pale Ngasa aliposema. Wakakausha, wakajaza magunia. Siku ya kurudi wakakata njia juu ya ule weupe, Ngasa akasema kanyaga, pamekauka. Punda wa mbele akatoboa, akazama. Masunga akaenda kumshika kamba, naye akatoboa. Matope yakamfika kifuani. Anasema yanavuta taratibu, hayana haraka, na ni ya moto.

Ngasa akalala kwa tumbo. Akashusha magunia ya samaki kutoka kwa punda wa pili, akayatandika juu ya tope moja baada ya jingine, akatambaa juu yake kama mjusi mpaka akamfikia. Upepo unampiga chumvi ya macho. Akamfunga kamba kwapani, akarudi kinyumenyume, akavuta yeye na punda. Magunia yote yakazama. Punda wangu mweusi naye akazama. Masunga akatoka.

Katibu alikuwa amekuja na karai la kugawia watu.

"Samaki wako wapi?"

"Nimewakanyaga, ndugu katibu," Ngasa akasema.

Mama mkwe akauliza upepo ulipiga saa ngapi, nikaona jicho lake linatutafuta mimi na Kabula. Ngasa akasema si upepo. Mvua ilinyesha milimani usiku, wao hawakuiona, maji yakapita chini ya ule weupe. Juu pakavu, chini uji.

"Mimi ndiye niliyesema pamekauka," akasema. "Nilikosea, mayu, mama yangu."

Mbele ya watu wote. Ngasa huyu anayejua kila kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hiyo sauti, na ukuta wetu ni mmoja.

Mama mkwe alikuwa anamsugua mwanawe mgongo kama mtoto mchanga. Alipomaliza akanigeukia, akaniambia wamerudi, mwiko umekwisha, sema sasa unavyotaka.

Wanawake walikuwa wamejaa uani. Wote wakanigeukia, wananingoja mimi. Siku zote hizi nimebeba maneno kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, na hapa nimeambiwa mwaga. Nikafungua mdomo.

Niseme nini? Kwamba mjinga yule kwa kijiti chake alimpeleka mume wangu kwenye tope, amenipotezea punda, amerudi mikono mitupu wakati shamba halijaguswa? Kweli tupu, kila neno. Kwamba alitambaa kwa tumbo na kutupa mali yote matopeni ili amtoe? Hiyo nayo kweli. Ndiye aliyemwingiza, ndiye aliyemtoa. Mtu wa namna hiyo anasemwaje? Kabula alikuwa ananiangalia. Amejaa vumbi, macho mekundu, anangoja kusikia nitamfanya nini mume wake.

Nikasema nimechoka.

Wakashangaa. Mmoja akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Sasa Masunga amelala, anakoroma, kumbe kukoroma ni kitu kizuri. Namsikia Ngasa upande wa pili wa ukuta anakohoa, chumvi imemwingia kifuani. Bado namwona mpumbavu. Daftari, usije ukadhani nimebadilika. Mwanaume mzima kukanyaga mahali hajapapiga fimbo!

Lakini kesho kisimani watanisubiri. Ndoo zitajaa na hakuna atakayeondoka. Kumponda mtu naweza tangu nimeota meno. Kumsifu sijawahi kumsifu mtu mbele za watu, hata mume wangu siku ya harusi.

Naanzia wapi?