Dada, Machozi Niliyaweka Upande wa Mchanga

Dada Modesta,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini tangu lini nikaanza kusema na wewe bila kukuamkia? Mwanasaikolojia wa hospitali ndiye aliyenipa kazi hii ya kukuandikia. Nilimcheka, nikamwambia marehemu hana anwani. Akasema andika hivyo hivyo. Wiki tatu nimezunguka na daftari, leo nimekaa mlango wa nyuma, pale pale tulipokuwa tukichambua dagaa.

Unazikumbuka Jumamosi zetu hapa Nyakato? Ungo katikati, wewe huku, mimi kule, binti yako Kabula anadokoa. Dagaa wa kuanikwa mchangani, jamani, nusu dagaa, nusu vikonokono! Na wewe mwalimu usingeweza kunyamaza. Ulikuwa na kile kitabu chako cha mtumba kuhusu Wastoa, wale wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, jalada umelishona kwa uzi wa nyavu. Ukanifundisha: kila jambo litie kwenye ungo. Lililo mikononi mwako ni dagaa, baki nalo. Lisilo mikononi mwako ni mchanga, liache lidondoke. Msimamizi akinifokea kiwandani, unauliza tu, "Hasira zake ni dagaa au mchanga?" Nacheka, yanaisha. Ungo ule uliniokoa mara nyingi.

Ndiyo maana naona haya kuandika yanayofuata.

Siku ile wodini, wiki ya mwisho, ulinishika mkono ukaanza kulia. Ulisema unaogopa. Ulisema Kabula ana miaka tisa tu. Na mimi mwanafunzi wako hodari nikakwambia, "Dada, kifo ni mchanga hicho. Kiache." Ukanitazama. Ukafuta machozi kwa pindo la shuka, ukaniomba samahani. Wewe! Uniombe mimi samahani! Tukaanza kuongea habari za mvua. Nilitoka pale najiona shujaa. Siku nne baadaye ukaondoka, na yale uliyotaka kusema ukaondoka nayo.

Msibani nyumbani kwetu Usagara nikafanya kituko. Unajua kwetu mfiwa hashiki mwiko. Anakaa mkekani, majirani wanapika, kazi yake yeye ni kulia. Mimi nilimnyang'anya mwiko Mama Limi, jirani yetu wa Nyakato aliyekuja nasi, nikasonga ugali wa watu wote. Shangazi akaja kunivuta, "Kaa chini umlilie dada yako," nikamjibu kwamba kulia hakutamrudisha. Watu wakasema nina roho ngumu. Moyoni nikasema, Dada angekuwepo angenipa alama zote.

Kabula alikuwa amesimama kando ya sufuria, midomo inatetemeka. Nikamwinamia nikamwambia, "Mchanga huo, mwanangu." Akameza.

Akaendelea kumeza. Miezi mitano, Dada. Hakulia hata siku moja. Akaanza kukojoa kitandani, na asubuhi nikiamka nakuta ameshafua shuka mwenyewe. Nikamsifu! Mungu anisamehe, nilimsifu. Mpaka mwalimu wake aliponiita shuleni. Waliambiwa wachore familia zao. Kabula alikuchora wewe, halafu akakujaza nukta, nukta, mwili mzima, hadi uso haukuonekana. Mwalimu alipomuuliza, akasema, "Huyu ni mama. Mama ni mchanga."

Kesho yake ndipo nikaenda kwa huyo mwanasaikolojia, na sasa tunaongea kila Alhamisi. Ananiambia niandike: nini kilitokea, nilijiambia nini, mwili ulisikia nini. Nikamweleza habari za ungo wako, nikidhani namfundisha kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huzuni yenyewe uliiweka upande gani?" Akasema kifo si changu, hilo kweli, lakini uchungu wa kumpenda dada yangu ni wangu. Nikiutupa, nimetupa dagaa.

Jana nikakifungua kitabu chako, mara ya kwanza tangu tukuzike. Pembeni ya ukurasa mmoja kuna mwandiko wako wa penseli: "Machozi ya kwanza hayaombi ruhusa. Nimwambie mdogo wangu." Hukuniambia. Au ndilo ulilotaka kusema siku ile, nikakukatiza? Sitajua, Dada. Hilo ndilo mchanga kweli, na linaniuma kuliko yote.

Leo asubuhi nikautoa ungo. Tukakaa, mimi huku, Kabula kule mahali pako. Nikamwambia nilikosea, mama yake si mchanga. Nilikuwa nimejipanga kusema mengine, sikufika. Nililia kwa sauti, Dada, kilio cha msibani kabisa, hadi Mama Limi akachungulia uani. Kabula akauliza polepole, "Mama mdogo, na mimi?"

Nikamwambia, na wewe.

Alilia akikuita. Alilia hadi akashikwa na kwikwi, akapitiwa na usingizi hapa mkekani, kichwa kwenye paja langu. Paka amekula nusu ya dagaa, ale tu.

Sasa nakuahidi. Ungo wako sitauacha, nitamfundisha Kabula kama ulivyonifundisha, ila machozi hayatatiwa humo. Akitaka kukulilia, iwe leo, iwe siku ya harusi yake, nitakaa naye chini hadi amalize. Na ile samahani uliyoniomba wodini nakurudishia. Ilikuwa yangu mimi kukuomba.

Pumzika, Dada yangu. Mama Limi amepita bila kubisha hodi, ameingia jikoni, nasikia anasonga ugali. Mwiko nimemwachia.

Mdogo wako,
Leticia