Isale Juu ya Televisheni

Baba Upendo,

Mdahalo umerudi. Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wanachagua rais tena, na jana jioni wagombea walisimamishwa mbele ya kamera kama ile mara tuliyotazama mimi na wewe. Nimeutazama mpaka mwisho. Sina mwingine wa kumsimulia.

Kwanza ujue nimeutazama kwenye TV ya ukutani. Kaninunulia Upendo. Mwanao sasa ndiye nesi mkuu wa wodi, na hapa Elerai hakuna mama mwenye TV kama yangu, waulize. Wanawake wa jumuiya walikuja, nikawapa chai ya maziwa na maandazi, nikajigamba kama unavyonijua. Ila mdahalo ulipoanza nikabaki kumimina chai tu. Mmoja akaniuliza, "Mama Upendo, leo ulimi umeuacha sokoni?"

Ningebishana na nani?

Waliulizwa bei ya unga, mmoja akaeleza alivyokwenda shule bila viatu. Mwenzake kila akibanwa anakunywa maji, mpaka nikamwonea huruma. Ungecheka wewe.

Ile mara yetu hatukucheka. Wewe ulimshika mgombea wako, mimi wangu, watu ambao hata kuwapigia kura hatuwezi! Ukasema wangu nimempendea suti. Nami, mbele ya kaka yako na wageni, nikakujibu, "Utaniambia nini, mwanaume uliyenyimwa hata uenyekiti wa mtaa?" Sebule nzima ikacheka. Nikajiona nimeshinda.

Siku tatu hukunisemesha. Ya nne, asubuhi, ukaniletea jani la isale, umelikata pale kwenye uzio. Wewe uliyetukanwa ndiwe uliyelileta. Mimi Mchaga, binti wa Mchaga, najua isale halikataliwi. Ukiletewa, umesamehe, yameisha. Nikalipokea, nikaliweka juu ya ile TV yetu ya kichogo, nikasema, "Likauke kwanza, ndipo tuongee."

Ukatabasamu, ukaenda Kikatiti kufuata mahindi. Ukaanguka hukohuko, magunia yako yakiwa bado kwenye mizani. Nilipopigiwa simu jani lilikuwa bichi.

Jana mwishoni wale wagombea walishikana mikono. Wametukanana saa mbili, mmoja kaitwa mwizi mbele ya dunia nzima, halafu wakashikana mikono wakicheka. Wanawake wakapiga makofi. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Hii TV mpya ni nyembamba, haina pa kuweka kitu juu yake. Jani lako liko ndani ya kitabu changu cha nyimbo, ukiligusa linamomonyoka. Upendo hajui. Anawaambia wenzake kazini kwamba wazazi wake hawakuwahi kulala wamenuniana, nami namwacha ajivune, kajifunza kwangu. Mchungaji anasema nisali nitapata amani. Nasali, mume wangu. Sipati.

Jumamosi nakuja Marangu. Nitakata shina la isale kwenye uzio uleule wa hapa nyumbani nilipande kichwani pa kaburi lako, na safari hii mwombaji ni mimi. Upendo nitakuja naye, nitamweleza yote nikiwa nimepiga magoti hapo, hata akinichukia. Hilo nakuahidi.

Lala, Baba Upendo. Mdahalo ulishinda wewe.

Nilisema likauke kwanza. Limekauka. Limekauka zamani.

Mkeo,
Mama Upendo